Dakika Themanini, Sioux Falls

Tulitoka Buffalo na giza la saa kumi,
Corolla imeshiba hadi masikioni:
sufuria, vitabu vyangu vya uuguzi,
na mbuzi ya kukunia nazi
ambayo Elinami alitaka tuiache kwenye maegesho ya Wisconsin
ili miguu yake ipate pa kukaa.
"Spokane hakuna nazi," alisema.
"Kuna mimi," nikasema.

Basi. Kimya kikakaa mbele pamoja nasi,
kikafunga mkanda.
Haikuwa mbuzi tena,
ilikuwa ile "kuna mimi",
jinsi ilivyotoka.

Siku ya tatu nguo safi zikaisha.
Tukachepuka barabara kuu kutafuta mashine za kufulia,
mji ukatupa banda la matofali
kati ya duka la matairi na kanisa lisilo na mnara.
Taa nyekundu dirishani: WAZI SAA ZOTE,
herufi moja imekufa.

Ramani ilisema mji huu una maporomoko,
maji yanashuka juu ya mawe ya rangi ya waridi
katikati ya mji kabisa, bure, hakuna kiingilio.
Hatukuyaona.
Ya kwetu yalikuwa nyuma ya kioo cha duara:
soksi, vesti, shuka la bluu,
vikipanda, vikianguka, vikipanda,
nasi kwenye viti vya plastiki,
kimoja kitupu katikati.

Elinami akaenda kuvunja noti.
Mashine ya chenji ikaitema.
Akailainisha pajani, akairudisha; ikatemwa.
Akaigeuza, akaibembeleza kwa kiganja
kama mtu anayemlaza mtoto.
Nikamtazama mgongo.
Nilitaka kucheka, nikajinyima.

Ndipo akanijia mzee mmoja,
kofia yake ina nembo ya mbegu za mahindi,
mikononi shuka pana la maua,
la mtu aliyependa maua,
na mtu huyo hakuwa yeye.
"Samahani, mama," akasema,
"hili halikunjwi na mtu mmoja."

Kwetu ni kidole na chawa;
kwake ni shuka.
Hakuongeza neno. Sikuuliza.
Nilishika ncha mbili, naye mbili,
tukalivuta likawa ngoma,
tukakutana katikati, vidole vikagusana,
tukarudi nyuma, tukakutana tena,
kila safari dogo zaidi,
hadi likabaki mraba wa kubeba kwapani.
"Verlyn," akasema akiwa mlangoni tayari,
kama aliyekumbuka deni.

Mashine yetu ikalia.
Nikalichomoa shuka la bluu, lina joto la mkate.
Elinami akasimama upande wa pili bila kuitwa.
"Vuta," akasema.
Neno la kwanza tangu Wisconsin.
Nikavuta,
kwa nguvu kuliko shuka lilivyohitaji, makusudi,
akapepesuka, akagonga meza ya kukunjia,
sabuni ya watu ikamwagika,
na tukaifagia kwa viganja, tumeinama,
mabega yakitikisika, hatuthubutu kutazamana.

Saa nane na nusu tulikuwa barabarani.
Mji ukapungua kwenye kioo cha pembeni:
ghala, tangi la maji, kisha nyasi tu,
nyasi na anga.

Kesho yake, Buffalo nyingine, ile ya Wyoming,
mvua ya barafu inapiga paa,
nilipekua kapu nikakuta soksi moja ya kijivu,
kisigino kimetiwa kiraka kwa uzi wa kijani,
mishono midogo, ya mkono
wenye subira kuliko wangu.
Si yangu. Si yake.

"Turudi?" Elinami akauliza.
Maili mia tano na ushei,
na alikuwa anauliza kweli,
kidole tayari kwenye taa ya kukatia kona.

Hatukurudi.
Kioo cha mbele kilikuwa kimeshika ukungu.
Nikaivaa soksi mkononi,
nikafuta upande wake kwanza.